Joto na katriji ya santuri: maswali yanayoulizwa kila msimu wa kaskazi

Kaskazi ikishavuma wiki mbili tatu, simu zinaanza. Mmoja santuri yake ya taarabu inaruka pale ambapo mwezi wa saba ilikuwa ikiteleza kama maji. Mwingine amesikia kwamba katriji huchemka ikifanya kazi, na sasa anatafuta kichwa cha chuma cha kuipoza. Majibu haya yamelengwa kwanza kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, ambako mchana wa Februari hufika digrii 32 au 33 na unyevu haupungui. Wa Nairobi na wa Maskati nao wana maswali yao humu.

Ninatengeneza mashine hizi, na ninahamisha nyimbo za zamani kutoka kwenye santuri kwenda kwenye kompyuta. Katika kazi hiyo nimeona fedha nyingi zikipotea kwa kununua vipuri vya kupoza kitu ambacho hakijapata moto. Joto linalosumbua linatoka chumbani, na linachokigusa ni kipande cha mpira kidogo kuliko punje ya mtama. Ukikijua kipande hicho, kuchagua vipuri vingine kunakuwa rahisi.

Maneno nitakayotumia: katriji ni kile kidude kinachobeba sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme, sindano ni ile ncha ya almasi, kijiti ni kile kibomba chembamba kinachoibeba, kichwa ni kipande kinachoshika katriji mwishoni mwa mkono, sinia ni sehemu inayozunguka na santuri juu yake.

Je, katriji yenyewe hupata moto inapocheza?

Kwa katriji za kawaida, za sumaku (kijiti kinatikisa sumaku) au za koili (kijiti kinatikisa koili), hapana. Umeme unaotoka kwenye katriji ya sumaku ni milivolti 5 hivi, na unaingia kwenye ampifaya yenye ukinzani wa omu 47,000. Piga hesabu: unapata nusu tu ya sehemu moja ya bilioni ya wati. Hakuna koili itakayopata uvuguvugu kwa hilo.

Msuguano wa sindano na mfereji ni mkubwa zaidi, ila nao si wa kutisha. Sindano iliyowekewa gramu 2, kwenye ukingo wa nje wa santuri ya mizunguko 33 na theluthi, inateleza kwa kasi ya nusu mita kwa sekunde. Nguvu inayogeuka joto hapo ni kama miliwati mbili na nusu. Tochi ya simu yako inakula zaidi ya hiyo mara mia kadhaa. Ni kweli kwamba joto hilo linazaliwa mahali padogo mno, kwa hiyo uso wa plastiki pale pale chini ya almasi hupata moto kwa kufumba na kufumbua. Lakini santuri inazunguka, sehemu ile inaondoka, na almasi inapitisha joto vizuri kuliko chuma chochote. Mpaka linafika kwenye mwili wa katriji, limeshasambaa.

Kuna aina moja iliyowahi kujichemsha kweli. Miaka ya 1960 na 1970 makampuni ya Japani, Toshiba ikiwa mojawapo, yalitoa katriji za mwanga: ndani mna taa, na kijiti kikitikisika kinakatiza mwanga huo. Taa za wakati ule zilikuwa za waya unaowaka, zikitoa joto humo humo karibu na mpira, na tabia ya katriji ikabadilika jinsi inavyoendelea kucheza. Wazo lile limerudi miaka ya karibuni kwa kampuni ya DS Audio, safari hii kwa taa za LED ambazo hazichomi. Kama katriji yako si ya ukoo huo, ondoa wasiwasi wa kujichemsha.

Basi joto linadhuru nini?

Linadhuru mpira. Nyuma ya kijiti, ndani kabisa, kuna kipete kidogo cha raba. Kinafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kukirudisha kijiti katikati kama springi, na kuumeza mtikisiko usiendelee baada ya muziki kuupita. Raba, kama ujuavyo kutoka kwenye ndala zilizoachwa juani, inalegea ikipata joto na kukakamaa ikipata baridi.

Ikilegea, mambo matatu yanatokea. Katriji inakaa chini zaidi kuelekea santuri, hivyo pembe ya sindano inabadilika. Mtikisiko wa asili wa mkono na katriji unashuka na kuanza kukaribia mawimbi ya santuri iliyopinda. Na ule uwezo wa kumeza mtikisiko unapungua, kwa hiyo ukianza hauzimiki upesi. Kwa masikio, besi inavimba na kukosa umbo. Kwa macho, utando wa spika unapepea mbele na nyuma bila sauti inayolingana nao. Santuri ikiwa imepinda, ndipo inaporuka.

Kuna na jambo la pili ambalo watu wanalichanganya na hilo la kwanza. Joto la siku moja linalegeza raba, kisha usiku inarudi. Joto la miaka linaizeesha: inakauka, inakuwa ngumu, mwisho inapasuka. Ndiyo maana sindano iliyokaa kwenye duka lenye bati miaka 20 inaweza kuonekana mpya kwenye boksi lake na isifuate mfereji. Ukiijaribu saa nane mchana, joto linaificha kasoro. Ijaribu saa kumi na mbili asubuhi ndipo utaujua ukweli wake.

Sehemu nyingine ndogo ya mashine inayoonyesha joto waziwazi ni kile kinyanyuzi cha mkono. Ndani yake mna mafuta mazito ya silikoni yanayoufanya mkono ushuke taratibu. Yakipata joto yanakuwa mepesi na mkono unashuka haraka zaidi. Ukiona mkono wako unatua kwa kishindo Februari na kwa utulivu Julai, hakuna kilichovunjika.

Digrii ngapi ndizo nyingi?

Watengenezaji wengi wanapima katriji zao kwenye chumba cha digrii 20 hadi 25. Vipimo vyote unavyosoma kwenye karatasi ya ndani ya boksi ni vya chumba hicho. Digrii 28 hutazisikia. Digrii 32 unaanza kuzisikia kwa katriji laini iliyo kwenye mkono mzito. Zaidi ya 35 mimi siwashi mashine, hasa ikiwa santuri ni ya mtu.

Kwa hiyo kipuri cha kwanza kununua ni kipimajoto. Cha bei ndogo kinatosha. Kiweke juu ya mashine, pale katriji inapopumzika, kisha tazama saa nne asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku kwa wiki moja. Nimewahi kukuta chumba chenye digrii 29 na mashine yenye 37, kwa sababu tu ilikuwa juu ya ampifaya ya taa, yaani ya valvu. Mwenyewe alikuwa ameshabadilisha katriji mbili.

Fundi ameniambia ninunue kichwa cha alumini ili kinyonye joto la katriji. Ni kweli?

Alumini inanyonya joto kweli, na ndiyo inayotumika kupoza vipande vya ampifaya. Lakini kinyonya joto kinahitaji kitu chenye moto kuliko hewa iliyokizunguka. Katriji yako ina joto lile lile la chumba. Hakuna cha kunyonya.

Kichwa cha chuma kinachoweza kufanya ni kuifikisha katriji kwenye joto la chumba upesi zaidi, iwe kupanda au kushuka. Ukiwasha kiyoyozi, kichwa cha alumini au magnesiamu kitapoa kabla ya cha mbao. Tofauti hiyo ni ya dakika tu. Kama unakipenda kichwa cha alumini kwa sababu ni kigumu na hakitikisiki, au kwa sababu kinakaza vizuri kwenye mkono, kinunue kwa sababu hizo. Bei ya "kupoza" usiilipe.

Kinachobadilisha mambo hasa kwenye kichwa ni uzito wake. Hapo ndipo uchaguzi wenyewe ulipo.

Nitachaguaje uzito wa kichwa kwa mahali penye joto?

Jibu hili ni refu, na naomba ulisome lote.

Mkono na katriji, vikibebwa na ule mpira, ni kama mzigo uliotundikwa kwenye springi. Una mtikisiko wake wa asili. Tunautaka uwe kati ya hezi 8 na 12, yaani mitikisiko 8 hadi 12 kwa sekunde. Chini ya hapo unakutana na mipindo ya santuri, ambayo mingi iko chini ya hezi 6. Santuri yenyewe ikizunguka mara 33 na theluthi kwa dakika inarudia mpindo wake kwa hezi 0.56, na mipindo midogo midogo inapanda juu ya hapo. Zaidi ya 12 unaanza kuigusa besi.

Hesabu yake: chukua uzito unaohesabika wa mkono (ule wa kwenye karatasi yake ya vipimo, si wa kwenye mizani), ongeza wa katriji na skrubu kwa gramu, zidisha kwa ulegevu wa mpira, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawanya 159 kwa jibu hilo. Ulegevu ndio ule unaoitwa komplayansi kwenye karatasi ya vipimo, na unapimwa kwa mikromita kwa milinewtoni. Angalizo: makampuni ya Japani huupima kwa hezi 100, na namba yao inabidi uizidishe kwa 1.5 hadi 2 ndipo ufanane na ule wa hezi 10 tunaouhitaji.

Tuchukue mashine ambayo wengi wanayo au wanaitafuta, Technics SL-1200MK2 iliyotoka mwaka 1979. Mkono wake pamoja na kichwa chake cha asili cha gramu 7.5 unahesabika gramu 12. Weka skrubu gramu 1.

Ortofon 2M Red ina gramu 7.2 na ulegevu 20. Jumla ya uzito 20.2, mtikisiko unakuja hezi 7.9. Hapo ni chumba cha vipimo. Sasa chukulia joto limelegeza mpira kwa robo, ulegevu ukawa 25: unashuka hadi hezi 7.1. Sasa mwenye mashine ashawishike kununua kichwa kizuri cha gramu 12 "cha kupoza". Uzito unapanda gramu 4.5, na kwa mpira ule ule uliolegea mtikisiko unakuwa hezi 6.4. Amelipa fedha kuileta katriji karibu zaidi na mipindo ya santuri. Na santuri za huku zimepinda, tusidanganyane. Zimekaa miaka 40 juu ya makabati.

Audio-Technica VM95E, gramu 6.1, ulegevu 7 kwa kipimo cha hezi 100, tuuite 12. Uzito wote 19.1, mtikisiko hezi 10.5. Joto likiulegeza kwa robo tunapata 9.4. Bado tuko ndani kabisa.

Denon DL-103, katriji ya koili iliyobuniwa miaka ya 1960 pamoja na shirika la utangazaji la Japani, NHK, kwa kazi za studio za redio: gramu 8.5, ulegevu 5 kwa hezi 100, tuuite 9. Mtikisiko hezi 11.4, kwenye joto, 10.2. Hii ndiyo inayofaidi kichwa kizito. Ipe kile cha gramu 12 uone: 10.4 kawaida, 9.3 kwenye joto.

Kwa hiyo kanuni ninayoitumia ni kuchagua kichwa kitakachoweka mtikisiko karibu na hezi 10 au 11 kwenye siku ya kawaida, ili kaskazi ikiusukuma chini uwe na pa kushukia. Anayekaa mahali pa baridi anaweza kuanzia hezi 9. Katriji laini, kichwa chepesi. Katriji ngumu, kichwa kizito. Kwa kuwa kichwa kiko mwisho wa mkono, karibu kila gramu yake inahesabika nzima, tofauti na uzito wa nyuma ulio karibu na egemeo.

Namba hizi za joto ni za kuonyesha njia tu, maana kila raba ina tabia yake. Ukitaka kuipima yako, rekodi mwanzo wa santuri usio na muziki kwenye kompyuta kwa programu kama Audacity, angalia mchoro wa masafa chini ya hezi 20, na utauona mlima mmoja. Fanya asubuhi, rudia alasiri. Hakikisha tu ampifaya yako haina kichujio kinachokata masafa ya chini.

Kwa kifupi, katriji gani kwa mtu wa Pwani?

Ile ya ugumu wa wastani, ya sumaku, yenye sindano ya kuchomoa. Sababu ya mwisho ni muhimu kuliko zote. Raba itazeeka, huku itazeeka mapema, na raba iko ndani ya kile kipande cha sindano. Katriji ya sumaku unachomoa sindano ya zamani na kuchomeka mpya kwa vidole. Ya koili inabidi irudi kiwandani au kwa fundi bingwa ng'ambo, na bei yake inakaribia katriji mpya.

Ukoo wa VM95 una faida nyingine kwa wenye santuri za zamani. Mwili mmoja unakubali sindano tofauti, ikiwemo ya santuri za mizunguko 78, iliyo nene zaidi na inayotaka gramu 5 hivi. Mwenye zile sahani nzito za enzi za Siti binti Saad, aliyeanza kurekodi Bombay mwaka 1928, anahitaji sindano hiyo. Ya kawaida inazama chini ya mfereji wao mpana na kukokota vumbi.

DL-103 naipenda na inavumilia joto, lakini inatoa milivolti 0.3 tu. Bila ampifaya yenye tundu la katriji za koili, au transfoma ya kuikuza, utasikia mvumo tu.

Kukiwa na joto nipunguze uzito unaoikandamiza sindano?

Usipunguze. Watu wanafikiri kwa kuwa mpira umelegea, mzigo mdogo utatosha. Sindano nyepesi kuliko kipimo inarukaruka ndani ya mfereji na kuugonga kuta, na madhara yake hayafutiki. Baki ndani ya kipimo cha mtengenezaji: gramu 1.8 kwa 2M Red, 2 kwa VM95E, 2.5 kwa DL-103. Pima kwa mizani ndogo ya kidijitali, usiamini namba za kwenye uzito wa nyuma peke yake.

Ikiwa katriji inaonekana imeinama mno alasiri, angalia kwanza kama sehemu yake ya chini inakaribia kugusa santuri. Ikigusa hata kwa mpindo mdogo, raba imechoka. Badilisha sindano.

Waya wa kichwa umekatika kwenye pini. Nipige soldaringi moja kwa moja kwenye katriji?

Hapa ndipo joto linapoua katriji kwa sekunde tatu, na nimezika nyingi kwa sababu hii. Pini ile imeungana ndani na waya wa koili mwembamba kuliko unywele, na imeshikwa na plastiki. Joto la soldaringi linapita kwenye pini, plastiki inalainika, pini inazama, waya unakatika. Hakuna fundi atakayeufikia tena.

Nunua waya nne zenye vibanio mwishoni. Kama kibanio kimetoka, kichomoe kabisa kutoka kwenye katriji, kishike kwa kijiti cha meno, kichomelee waya mbali na katriji, kiache kipoe, ndipo ukirudishe. Rangi zinafuata mpango mmoja karibu dunia nzima: nyeupe ni chanya ya kushoto, buluu ni hasi yake, nyekundu ni chanya ya kulia, kijani hasi yake.

Na ukishafungua hapo, futa pini nne za nyuma ya kichwa kwa spiriti. Hewa ya bahari inazipa kutu, na upande mmoja wa sauti ukipotea watu wanalaumu joto wakati ni chumvi tu.

Gramafoni ya babu ina redio ndani yake. Sinia linazunguka, redio inaimba, santuri haitoi sauti. Joto?

Inawezekana sana, na hii ni habari ya kusikitisha ninayolazimika kuitoa mara kwa mara. Mashine nyingi za mezani na za kabati za miaka ya 1950 zilitumia katriji za fuwele, na fuwele yenyewe ni chumvi ya Rochelle, iliyopewa jina la mji wa La Rochelle kule Ufaransa. Chumvi hiyo ikibonyezwa inatoa umeme mwingi, ndiyo maana ilipendwa: ampifaya rahisi ilitosha. Lakini inaharibika ikifika digrii 55 hivi, na kwenye unyevu mwingi inakunywa maji na kuyeyuka polepole. Kabati la mbao lenye taa za redio chini yake, Pwani, dirisha limefungwa: fikiria mwenyewe. Nikifungua nakuta unga mweupe au uji.

Haitengenezeki. Badala yake kuna katriji za kauri, ambazo haziogopi joto wala unyevu kwa kiasi hicho na zinatoa umeme wa kutosha kwa mashine zile zile. Chagua ya kauri yenye vipimo vya kuingia kwenye mkono wako. Usijaribu kuweka katriji ya sumaku kwenye mkono wa aina hiyo. Mkono ni mzito mno na ampifaya haina ukuzaji unaohitajika. Ile ya zamani mrudishie mwenye mashine kwenye bahasha. Wengine wanapenda kuitunza.

Mkeka wa sinia: raba, koki, au kitambaa?

Kwa joto la katriji haibadilishi kitu. Kwa santuri, raba nzito juu ya sinia la alumini inatulia vizuri, lakini raba ya zamani ikipata joto inaweza kunata na kuacha alama. Ioshe kwa sabuni kidogo. Koki haina shida hiyo. Kitambaa ni cha madijei.

Mashine ya mkanda au ya mota inayozungusha sinia moja kwa moja?

Mkanda nao ni raba. Unanyooka kwa joto, kasi inayumba, sauti ya mwimbaji inapanda na kushuka. Ukiwa na mashine ya mkanda, uwe na mkanda wa akiba, na usiuache umevutwa miezi kama huitumii. Mota ya moja kwa moja haina mkanda wa kulegea. Kwa Pwani nachagua hiyo.

Kifuniko nikifunge wakati wa kucheza?

Kifuniko cha plastiki angavu kwenye mwanga wa jua kinafanya kazi kama banda la miche: kinaingiza joto na kulizuia kutoka. Kama kuna jua linalofika kwenye mashine, hata kwa nusu saa jioni, hamisha mashine, pazia halitoshi. Santuri nyeusi inanywa jua kuliko kitu chochote chumbani, na plastiki yake inaanza kulegea ikikaribia digrii 60. Kwenye kivuli, fungua kifuniko unapocheza, kifunge ukimaliza kwa ajili ya vumbi.

Ampifaya iwe pembeni, si chini. Ikiwa hakuna nafasi pembeni, mashine ikae rafu ya chini na ampifaya rafu ya juu, kwa sababu joto linapanda. Feni ielekeze kwenye ampifaya, usiielekeze kwenye mkono wa mashine.

Mimi niko Nairobi. Yote haya yananihusu?

Yanakuhusu kwa kinyume. Asubuhi ya Julai Nairobi hushuka mpaka digrii 12 hivi, na nyumba nyingi hazina kipasha joto. Mpira unakakamaa: herufi "s" za mwimbaji zinakwaruza, na magitaa ya juu yanatoa cheche za kelele, hasa kuelekea katikati ya santuri ndogo za mizunguko 45, zile ambazo kwa miaka mingi zilichapwa hapo hapo Nairobi kwa ajili ya bendi za Kenya na Tanzania. Acha chumba kipate joto, au cheza upande mmoja wa santuri usiyoijali kwanza. Weka sindano kwenye kikomo cha juu cha kipimo chake. Na kwako katriji laini kama 2M Red inakaa vizuri, maana baridi inaivuta kwenye hezi 8 na zaidi.

Ukinunua mashine Mombasa iliyokuwa ikiimba bila kasoro, ikaanza kukwaruza ukiifikisha Nairobi, usimwite muuzaji mwongo mara moja. Huenda raba imezeeka na joto la Mombasa lilikuwa likiisaidia.

Niko Maskati, na kiyoyozi hakizimwi. Niko salama?

Kiyoyozi kikiwaka, una chumba bora kuliko wote waliotajwa humu. Hatari yako ni siku unazosafiri na kukizima wakati nje kuna zaidi ya digrii 40. Chomoa sindano, itie kwenye kiboksi chake, ipeleke nyumba ambayo ina mtu. Santuri zibaki zimesimama wima, zimebanwa kiasi, mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Pia hewa ya kiyoyozi ni kavu, hivyo umeme tuli utakuwa mwingi kuliko tulivyozoea Pwani. Brashi ya nyuzi za kaboni itakufaa.

Sindano za akiba nizihifadhi kwenye friji?

Hapana. Ukiitoa kwenye friji na kuiingiza kwenye hewa ya Tanga, inatoa jasho papo hapo, na maji yanaingia mpaka kwenye sumaku na kiungo cha kijiti. Iweke kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, pamoja na pakiti ya kukausha unyevu kama zile zinazokuja na viatu, ndani ya droo ya chini kabisa ya kabati lisiloegemea ukuta wa nje. Karibu na sakafu kuna ubaridi kuliko juu. Andika tarehe uliyonunua kwenye chupa. Usinunue za miaka kumi kwa pamoja hata ukipata bei nzuri: moja kwenye mkono na moja droo­ni zinatosha, kwa sababu ya tatu itakuwa imezeeka kabla hujaifikia.